Kipimo kimepita, mama mkwe ameleta pilau

Shikamoo Bi Afisa Lishe,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 44 na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita nilianza kuharisha damu. Nilizunguka sana: nikatibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, mwisho daktari bingwa akasema nina vidonda vya utumbo mpana na kunianzishia vidonge vya mesalazini. Nikapata nafuu nusunusu. Mwaka jana mdogo wangu anayeishi Minnesota akanitumia kitabu cha mlo wa kuponya utumbo. Mlo wenyewe hauna ugali, wali, muhogo, viazi vya aina yoyote, sukari wala maziwa. Kwa miezi saba nimekula supu ya kuku, samaki wa kuchemsha, mayai, karoti, malenge, ndizi mbivu zenye madoa, asali, na mtindi ninaougandisha mwenyewe kwa saa 24. Damu imekata. Lakini kutoka kilo 68 nimeshuka hadi 59, na wanafunzi wameanza kuniuliza kama ninaumwa.

Jumanne iliyopita nilifanyiwa kipimo cha kamera ya utumbo mpana huko Dar es Salaam. Karatasi ya hospitali iliniagiza nile wali mweupe, samaki na mchuzi mwepesi siku tatu kabla, nisiguse maharage wala mboga za majani. Nikala kwa woga, nashukuru sikudhurika. Kisha ikaja ile dawa ya kusafisha, lita nne, sitaisahau. Daktari anasema utumbo umepona vizuri, umebaki wekundu kidogo kule mwisho karibu na njia ya haja kubwa. Amechukua vipande vya kupima, majibu baada ya wiki mbili.

Sasa niko nyumbani na sijui nile nini. Mama mkwe anasema tumbo limeoshwa, ni jipya, nile kila kitu. Jana Ijumaa ameleta sinia zima la pilau. Mdogo wangu anasema kwa kuwa tumbo limeoshwa nirudi mwanzo kabisa wa mlo, siku tano za supu tupu. Mume wangu amenyamaza. Tumbo limejaa hewa na tangu Jumanne sijapata choo. Tena nina siku sita za Ramadhani nilizotaka kuzilipa mwezi huu. Nianzie wapi?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba Mwalimu, na pole kwa lita nne. La hewa na choo nilikujibu kwa simu siku ileile maana halikuwa la kusubiri jarida litoke, lakini nitalirudia kwa faida ya wengine watakaoitwa kwenye kipimo hicho.

Mama mkwe na mdogo wako wanagombana juu ya chakula tu. Juu ya tumbo lako imani yao ni moja: kwamba dawa imeliosha likawa jipya. Mmoja anasema ni jipya basi lijazwe, mwingine anasema ni jipya basi lilelewe kichanga. Si jipya. Dawa ile inazuia maji yasinyonywe na mwili, kwa hiyo maji yanapita moja kwa moja na kutoka na kila yalichokikuta njiani. Ukuta wa utumbo hauchuniki, vidonda havioshwi, ugonjwa hautoki na maji. Bakteria wazuri wanaoishi humo hupungua sana, kisha wengi wao hurudi wenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne. Na vile vipande alivyochukua daktari ni vya milimita chache. Mahali vilipotoka patapona bila wewe kujua.

Kwa hiyo una mambo mawili yaliyokukuta wiki moja. Kupona kipimo ni kazi ya siku mbili tatu. Kutoka kwenye mlo wa kubana wa miezi saba ni kazi ya miezi miwili au mitatu. Ukiyachanganya, utakilaumu chakula kwa makosa ya kamera.

Tuanze na la kamera. Ili daktari aone vizuri, utumbo hupulizwa hewa au gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo hunyonywa upesi. Hewa ya kawaida hukaa mpaka itoke njia unayoijua, kwa hiyo tembea uani, lala ubavu wa kushoto, na usione haya mbele ya mumeo aliyenyamaza. Choo kuchelewa siku mbili, tatu, hata nne si ajabu: umetoa vyote na hujaingiza vya kutosha. Usikimbilie dawa ya kulainisha.

Yasiyo ya kawaida ni maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kukakamaa, homa, kutapika, kizunguzungu, au damu inayozidi michirizi: mabonge, au ya kujaa kijiko. Hayo si ya kuandikia barua. Ni ya kwenda hospitali usiku huohuo, na useme mapema kwamba umetoka kufanyiwa kolonoskopi, ndilo jina la kipimo hicho. Wasomaji wengine waliokatwa vinyama vinavyoota ndani ya utumbo wajue kwamba damu inaweza kuchelewa hata wiki mbili. Tena kichwa kikiuma, kunywa parasetamoli. Diklofenaki na ndugu zake, ambazo siku hizi zinauzwa kila duka la dawa na watu wanazimeza kwa mgongo, goti na uchovu, zinaweza kuuamsha ugonjwa wa mtu mwenye vidonda vya utumbo.

Maji na chumvi ndivyo ulivyopoteza zaidi. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ya mezani ni ndogo. Supu ya kuku yenye chumvi, au pakiti ya ORS, hufidia vizuri zaidi. Kula kidogokidogo mara tano au sita kwa siku, vyakula vilevile ulivyozoea: samaki asiye na pilipili, yai, malenge, karoti zilizoiva mpaka zinapondeka kwa mgongo wa kijiko. Mtindi wako wa saa 24 hauna neno, maana bakteria wameshaila karibu sukari yote ya maziwa. Funga zako sita ziache kwanza. Mgonjwa ana ruhusa na nafasi ya kulipa ipo mpaka kabla ya Ramadhani ijayo; mtu aliyepoteza kilo tisa hana akiba ya kufungia.

Hayo yatosha kuhusu kamera.

Sasa nirudi kwenye barua yako, kwa sababu umeandika jambo kubwa ukalipita. Umesema siku tatu kabla ya kipimo ulikula wali mweupe, kwa woga, na hukudhurika. Mwalimu, hilo ni jaribio na wali umeshafaulu. Kwa miezi saba uliuogopa, karatasi ya hospitali ikakulazimisha, na tumbo likanyamaza. Basi usirudi kwenye supu tupu. Wiki hiihii, choo kikishaanza kuja, rudisha wali: nusu kikombe uliopikwa laini kwa maji na chumvi, siku ya pili kikombe, siku ya tatu sahani ya kawaida. Upikwe uliwe siku hiyohiyo. Wanga wa wali uliolala hugeuka kiasi fulani ukawa mgumu kumeng'enywa, ukafika utumbo mpana na kutoa gesi. Tena kiporo kilicholala mezani bila jokofu kina hatari zake hata kwa mzima. Kiporo utakirudia baadaye, ukiwa na nguvu.

Lakini wali si pilau. Sinia la mama mkwe lina mchele, nyama, mafuta, kitunguu maji kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia, kitunguu saumu, tangawizi, binzari nyembamba, pilipili manga, pengine na viazi. Ukila sahani moja na usiku tumbo likavuruga, utamkamata nani? Utasema pilau limenikataa, na wali wako ambao hauna hatia utarudi kizuizini. Hapo ndipo watu wengi wanaotoka kwenye mlo wa kubana wanapokwama. Chakula chenyewe si kibaya. Tatizo ni kwamba wanarudisha vitu vinane kwa mpigo, kisha wanavikimbia vyote vinane.

Mlo wako una historia inayofaa uijue. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, aliandika kwamba watoto waliokuwa wakinyauka kwa ugonjwa uitwao siliaki hupona wakilishwa ndizi mbivu. Aliwanyima mkate, nafaka na viazi, akawapa ndizi nyingi, na watoto wakanenepa. Ndizi ikapata sifa ya dawa. Huko Uholanzi daktari mwingine wa watoto, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 ilipouondoa mkate mezani, watoto wa siliaki wakapata nafuu; mkate uliporudi wakaugua tena. Tasnifu yake ya 1950, iliyotolewa Utrecht, ikamtaja mkosaji: ngano. Ndizi za Haas hazikuwa dawa. Zilichukua tu nafasi ya mkate.

Haas hakuuacha mlo wake. Mwaka 1958 alimpokea binti wa mama mmoja wa Kimarekani, Elaine Gottschall. Binti huyo alikuwa na vidonda vya utumbo mpana kama wewe. Akampa mlo uleule, binti akapona, na mama akasomea mambo hayo na kuandika kitabu. Toleo lake linalojulikana zaidi, Breaking the Vicious Cycle, lilitoka mwaka 1994, na kwa orodha uliyonitajia, ya ndizi zenye madoa na mtindi wa saa 24, ndicho alichokutumia mdogo wako.

Simdharau Gottschall. Alikuwa mama mwenye mtoto mgonjwa na alifanya alichoweza. Lakini angalia Haas alifanya nini: wanga wote aliuweka rumande kwa kosa la ngano. Wewe nawe una ugali, muhogo, viazi vitamu, mchele na maharage rumande mwezi wa saba huu, na ukiacha mchele hakuna hata kimoja kilichofikishwa mahakamani. Mwaka 2021 jarida la Gastroenterology lilichapisha utafiti wa watu wazima 194 wenye ugonjwa wa Crohn, ndugu wa ugonjwa wako. Nusu walipewa mlo huu wako, nusu wakapewa mlo wa kawaida wa nchi za Mediterania wenye mkate, nafaka, kunde, samaki, matunda na mafuta ya zeituni. Baada ya wiki sita waliotulia walikuwa karibu sawa kila upande, chini kidogo ya nusu. Waliobanwa hawakuwashinda waliokula mkate.

Basi nafuu yako imetoka wapi? Pengine mlo umesaidia, pengine vidonge, pengine vyote viwili. Kwa sasa hakuna anayeweza kuvitenganisha. Ndiyo maana vidonge huviachi hata siku moja wakati wa kurudisha chakula. Ukibadilisha vyote kwa pamoja, ugonjwa ukirudi hutajua mlango ulioingilia.

Baada ya wali, tulia mpaka majibu ya vile vipande yatoke. Ukuta wa utumbo unaweza kuonekana mzuri kwa macho na bado ukawa na ugonjwa kwenye darubini. Majibu yakiwa mazuri, endelea bila wasiwasi. Yakionyesha bado kuna ugonjwa, daktari atarekebisha dawa kwanza, na vyakula vya nyuzinyuzi, mbegu na maganda vitasubiri kidogo. Wali, mayai, samaki na malenge haviathiriwi na majibu hayo.

Utaratibu wa kurudisha ni kuchukua kitu kimoja kwa siku tatu: siku ya kwanza vijiko viwili vitatu, ya pili mara mbili yake, ya tatu kiasi anachokula mtu mzima. Kisha pumzika siku mbili au tatu ukila vile ulivyovizoea, ndipo kije kingine. Vyakula vingine vyote visibadilike siku hizo, na usianze jaribio wiki ya mitihani ya shule au ya harusi. Nunua daftari. Andika tarehe, ulichokula, kiasi, choo mara ngapi na cha namna gani, maumivu, usingizi. Wewe ni mwalimu, sina haja ya kukufundisha kuweka kumbukumbu.

Na hapa nataka usome polepole kuliko kwingine kote, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotishika. Gesi si kidonda. Ukila maharage baada ya miezi saba, tumbo litaunguruma, litajaa, litatoa upepo. Bakteria wanaokula vyakula hivyo walikuwa wamepungua kwa njaa, na sasa wamepata karamu. Hiyo ni kelele, hupungua kwa kuzoea, na dawa yake ni kupunguza kiasi, kisha kupanda taratibu. Dalili za ugonjwa ni nyingine: damu au makamasi kwenye choo, kuamshwa usiku na haja, kuharisha kusikoisha baada ya kuacha chakula kile, homa, kuendelea kukonda. Ukiona hizo, acha majaribio na uende kliniki, usiende tu kufuta mstari mwingine kwenye orodha. Nimeona watu waliofuta mistari mpaka wakabaki na vyakula vitano, na ugonjwa ukawa unaendelea chini kwa chini wakati wao wanailaumu nyanya.

Mpangilio wangu kwako, mtu wa Tanga, ni huu. Baada ya wali njoo ugali wa sembe, ambao hauna pumba. Dona ni bora kwa lishe lakini liache kwa mwezi wa pili. Kisha viazi mviringo vya kuchemsha, kisha muhogo mweupe ulioiva vizuri, bila nazi kwanza. Tui lijaribiwe peke yake, juu ya wali ambao tayari unaujua. Viazi vitamu vifuate, vipande vidogo. Matunda anza na papai na machungwa ya Muheza, makapi utayatema mwanzoni. Embe liache mwisho hata kama ni msimu, maana sukari yake inawasumbua wengi. Hapa kuna kichekesho kidogo: kitabu chako kinadai ndizi iive mpaka itoke madoa, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, waliopima sukari zinazotoa gesi katika vyakula vingi, wanasema ndizi iliyoiva sana ndiyo inayoleta gesi zaidi kuliko ile ngumu kidogo. Kama ndizi za madoa hazikusumbui, endelea nazo. Kama ulikuwa na gesi miezi yote saba na ukadhani ni ugonjwa, jaribu zisizo na madoa.

Vitunguu vina siri yake jikoni. Kinachosumbua matumbo mengi katika kitunguu maji na kitunguu saumu ni aina ya wanga inayoyeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo kaanga punje za saumu nzima kwenye mafuta mpaka zinukie, zitoe, uzitupe, halafu mafuta hayo yaanze mchuzi wako. Harufu unaipata, tumbo halijui. Ukizichemsha ndani ya mchuzi ukazitoa baadaye, umechelewa, zimeshayeyuka. Majani mabichi ya vitunguu nayo unaweza kuyakatia mezani bila shida. Baada ya hapo ndipo ujaribu kitunguu chenyewe: robo kwanza, siku tatu.

Maharage, kunde na choroko nakusihi usiviogope maisha yako yote, maana hicho ndicho chakula cha bakteria wako. Anza na choroko, kijiko kimoja kikubwa zilizoiva mpaka zimepasuka. Kwa maharage, loweka usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya. Sehemu ya sukari zinazotoa gesi huondoka na maji yale. Ninajua nyumbani kwenu wapo wanaosema kumwaga maji ni kumwaga utamu. Waache wasubiri wiki nne, kisha watapikiwa wanavyotaka.

Maziwa mabichi si lazima kuyarudisha. Watu wengi wazima wa Pwani miili yao huacha kuimeng'enya sukari ya maziwa baada ya utoto, na hilo si ugonjwa. Jamii nyingi za wafugaji wetu ni tofauti: mwaka 2007 utafiti wa Sarah Tishkoff na wenzake uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan ulionyesha kwamba wana mabadiliko yao ya kijeni yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na yale ya Wazungu. Wewe mtindi unakutosha, na ukichoka kuungoja saa 24 jaribu wa saa 8 kwa siku tatu uone.

Ngano nimeiweka mwisho kwa sababu moja. Kama daktari amewahi kukutajia kipimo cha damu cha siliaki, kipimo hicho hakisemi ukweli kwa mtu asiyekula ngano. Inabidi ule vyakula vya ngano katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupima. Kamera uliyofanyiwa haiangalii huko, siliaki inakaa juu kwenye utumbo mwembamba na huonekana kwa kamera ya mdomoni. Kwa hiyo mwulize kabla ya kuanza chapati. Kama hana haja nayo, anza na nusu chapati yenye mafuta machache. Vitumbua usivitumie kupimia chochote: mle mna mchele, nazi, sukari, hamira na mafuta. Vile ni vya kusherehekea.

Pilipili, kahawa na achari ya ndimu sitakuambia lolote kuhusu hizo mpaka uzito uwe umefika kilo 64.

Usidhani ninakurudisha kwenye chakula chetu kwa mapenzi ya nyumbani tu. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao wa Uholanzi walichapisha katika Nature Medicine utafiti wa vijana 77 wenye afya wa kaskazini mwa Tanzania. Wa kijijini waliohamishiwa vyakula vya kizungu vya viwandani kwa wiki mbili, damu yao ilionyesha dalili zaidi za uvimbe wa ndani. Wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili cha Kilimanjaro, chenye ndizi za kupika, maharage na mboga, walielekea upande mwingine. Hao walikuwa wazima, wewe ni mgonjwa anayepona, kwa hiyo hiyo si dawa yako. Lakini inatosha kukuondolea wazo kwamba chakula cha wazazi wako ni sumu na mlo wa kitabu kutoka Marekani ndio salama.

Kuhusu familia. Kwa mama mkwe usimwambie pilau lake lina matatizo, maana halina. Mwambie: mama, daktari amenipa wiki nane, na ya mwisho ni ya pilau lako. Mpe na kazi: akupikie wali mweupe na changu wa kuchemsha, ajue naye anauguza. Mdogo wako mshukuru kwa dhati, miezi saba amekuwa akikupigia kila wiki kukutia moyo, kisha mwambie kwamba hata hicho kitabu chake hakisemi supu tupu kila utokapo hospitali. Supu ile ni ya siku chache za kuanzia, na wewe ulishazipita. Mumeo naye asinyamaze. Aende nawe kliniki siku ya majibu, asikie kwa masikio yake, ili mkirudi nyumbani kuwe na watu wawili wanaosema jambo moja.

Siku hiyo beba daftari na mwombe daktari mambo mawili zaidi: apime wingi wa damu yako, kwa sababu ulivuja muda mrefu na umekula vyakula vichache, na akuandikie kwenye kadi uzito wa siku hiyo. Ikifika wiki ya nane ya kurudisha vyakula na uzito bado uko 59, nipigie, na usianze mlo mwingine wowote kabla hatujaongea.